Mfereji wa Nereah

"Baba Adhis, usizitupe! Hata kama umepona, ziweke tu."

Mkewe Nereah alichelewa; Ojwang alikuwa ameshazitupa dawa zake. Vidonge vilianguka kwenye mtaro unaopita mbele ya mlango wao pale Laini Saba, Kibera, vikazama, vikaibuka, vikaanza kuvimba ndani ya maji ya sabuni ya majirani. Bata wa nyumba ya pili alikuja mbio, akavidonoa kidogo, akaenda zake. Ojwang alisimama akitazama, mikono kiunoni, kama mtu aliyetua gunia la saruji.

"Nabii amesema ukimeza dawa na ushaponywa, unamwambia Mungu ni muongo. Wewe unataka nimwambie Mungu ni muongo?"

"Mimi nataka uishi."

"Na si niko hai? Niangalie basi!"

Alikuwa hai kweli, na hapo ndipo penye taabu. Miezi michache nyuma mwashi huyu, aliyezoea kuinua mawe ya msingi peke yake, alikuwa ngozi na mifupa, akitema damu kwenye kopo kando ya kitanda. Kliniki walimpa sindano na vidonge vya kifua kikuu. Sista, muuguzi wa pale, akamwonya, tena mbele ya mkewe: utapata nafuu mapema, usidanganyike, dawa humezwa mpaka imalizike. Nafuu ikaja. Na mashavu yalipoanza tu kurudi, fundi mwenzake wa mjengo akampeleka Kawangware kwa Nabii Muia, akanyweshwa kikombe cha maji ya upako. Dawa ikafanya kazi, maji yakapokea shukrani. Ndivyo dunia ilivyo.

Nereah naye hakuwa mpagani. Aliimba kwaya ya akina mama, na usiku Ojwang alipokuwa hoi alimwekea mkono mbavuni akaomba mpaka sauti ikamkauka. Aliamini kabisa kwamba Mungu huponya. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini Mungu huyo achukie kliniki.

Kazi yake ilikuwa kuuza maji. Alikuwa na mfereji mmoja wa bomba, tangi la mabati, na mitungi ya plastiki aliyoitia alama kwa kisu cha moto, mistari miwili kwenye mkono wa mtungi, kwa sababu Kibera mtungi usio na alama hauna mwenyewe. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi, ule uliotangulia mvua za El Nino, na mifereji ya mitaa mingi ilikuwa imekauka. Kila Jumamosi Shiundu, Mluhya mmoja mpole wa mkokoteni, alijaza mingi ya mitungi hiyo na kuisukuma hadi kanisa fulani Kawangware. Nereah alidhani ni ya kuosha masufuria. Muuza maji haulizi mtungi unakwenda kupika nini.

Jumapili iliyofuata baada ya kutupa dawa, Ojwang alitakiwa kutoa ushuhuda kwa Nabii. Nereah aliamua kwenda naye, maana mume hawezi kuachwa apotee peke yake.

Alitarajia kumkuta mtu wa makelele. Nabii Muia alikuwa mwembamba, mstaarabu, na alizungumza taratibu kama daktari mzuri. Hilo lilimtisha zaidi. "Maji haya," alisema, akiinua glasi, "nimeyatoa kwenye mlima nilikofunga na kuomba. Anayekunywa na bado anameza vidonge, amechagua mabwana wawili." Watu wakasema amina. Nereah alihisi joto, akatoka nje kutafuta hewa, akazunguka nyuma ya kanisa.

Shiundu alikuwa huko, ameinamia pipa la buluu, anamimina. Kwenye mkono wa mtungi kulikuwa na mistari miwili.

"Shiundu! Hiyo maji si yangu?"

"Ni yako, mathe. Kwani kuna shida?"

"Huyo nabii anajua umeitoa wapi?"

"Si yeye ndiye alinituma? Alisema ya Laini Saba ni safi kuliko ya huku." Shiundu alisimika mtungi chini, akamtazama usoni. "Mathe, kwani wanaifanyia nini?"

Nereah alimpita. Aliubeba mtungi uliobaki, umejaa, akaingia nao kanisani kupitia mlango wa mbele. Ojwang alikuwa ameshika maikrofoni, anasema, "Na dawa zote nimetupa," na makofi yalikuwa yakipigwa. Nereah aliutua mtungi miguuni pa mumewe.

"Ndugu zangu, hii maji ni yangu." Aliwageukia watu. "Nauza huko Kibera. Ni ya mfereji. Haijatoka mlima wowote. Shiundu wa mkokoteni yuko hapo nyuma, muulizeni. Baba Adhis, hii ndiyo maji unaoga kila asubuhi!"

Ojwang aliteremsha maikrofoni. Nereah aliuona uso wa mumewe ukilegea, akaona shaka inaingia, na moyo wake ukaruka kwa furaha, kwani alidhani amempata. Kesho, alijiambia, kesho asubuhi kliniki.

Nabii alishuka jukwaani. Nereah alijikaza kungoja matusi. Badala yake mtu yule alipiga magoti mbele ya mtungi, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akainamisha kichwa.

"Mmesikia?" alisema kwa sauti ya chini, na watu wakajongea wasikie. "Nilionyeshwa mlima katika maombi, nikadhani ni mlima wa mawe. Kumbe mlima wenyewe ni mtaa wa maskini. Kule Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai, waliojaza maji kwenye mabalasi walikuwa watumishi tu. Mama huyu amekuwa akijaza bila kujua. Leo Bwana amemleta."

Kanisa likalipuka. Wanawake walimjia Nereah, wakamshika leso, wakamshika mikono. Aliwaambia ni maji tu. Aliwaapia. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumpenda kwa unyenyekevu wake. Na katikati ya vigelegele hivyo alimsikia Ojwang akilia kama mtoto.

"Nereah! Kumbe ilikuwa kwetu! Muujiza umekuwa mlangoni kwetu siku hizi zote!"

Uchungu wa siku ile haukumtoka. Ukweli alikuwa ameusema wote, hakubakiza hata kidogo, nao ukageuzwa kuni za moto uleule aliotaka kuuzima.

Walirudi nyumbani, Ojwang akitangulia na kuimba. Katika siku zilizofuata Nereah alimbembeleza, alimgombeza, alimletea mzee wa kanisa lake, ambaye Ojwang alimpokea kwa heshima na kumpa chai. Alikwenda kliniki peke yake. Sista akamwambia, "Mlete. Hata leo. Lakini siwezi kummezesha mtu ambaye hajakuja." Mtu mzima hafungwi kamba.

Kikohozi kilirudi kwa adabu. Mwanzoni kilikuwa cha asubuhi tu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza. Kisha cha usiku. Ojwang alisema ni majaribu, na kwamba majaribu ndiyo dalili ya kuponywa.

Halafu watu wakaanza kuja. Walitoka Kawangware, wakatoka Riruta Satellite, wakapanga laini kutoka kwenye mfereji hadi kibanda cha mkaa, kila mmoja na chupa au mtungi wake. Hawakutaka tena maji ya pipa. Walitaka yanapotokea.

"Hii ni maji ya kupika na kunywa," Nereah aliwaambia. "Mgonjwa apelekwe hosi, kwa daktari."

"Amina, mama," waliitikia.

Asubuhi moja mwanamke aitwaye Lenah alifika mbele ya laini akiwa na mtoto mgongoni. Nereah alimgusa mtoto paji la uso, akautoa mkono upesi. Mtoto alikuwa anawaka homa.

"Lenah, mpeleke hosi saa hii. Nafunga mfereji nikusindikize, twende."

"Amina, mama. Nijazie tu kwanza."

Nereah alitaka kupiga kelele. Alipoinua macho alimwona Ojwang. Alikuwa mwisho wa laini, ameegemea ukuta wa mabati, koti limemning'inia mabegani, kikombe kitupu cha chai mkononi.

"Baba Adhis," aliita, "njoo ukae. Nitakuletea kwa nyumba."

"Hapana." Alitabasamu kwa taabu. "Nitapanga kama wengine."

Lenah alikuwa ameuweka mtungi wake chini ya bomba na kungoja. Nereah aliufungua mfereji. Kule mwisho Ojwang alikohoa, kwa muda mrefu, kiganja mdomoni, kisha akakitazama kiganja na kukitumbukiza haraka mfukoni. Nereah aliuona wekundu. Hakuweza kuondoa macho kwenye mfuko ule. Mtungi ulijaa, ukafurika, maji yakatiririka kwenye vumbi, na wanawake waliokuwa karibu wakainama kuyakinga kwa viganja vyao.