Maduka Matatu ya Laurian

Pikipiki ilimshusha Theodosia mbele ya plaza mpya, nje kidogo ya mji wa Ngara. Dereva akacheka. "Mama, humu unanunua nini? Hata mende wamehama!"

"Nisubiri. Nimekodi pikipiki yako, sikukodi ulimi."

Hakuja kununua. Kaka yake alimtuma kutoka Keza aje kimyakimya, alione duka la Laurian, kijana anayemposa binti yao Odeta. Kesho mshenga angekuja kuchukua jibu, na jibu lilikuwa mkononi mwa shangazi huyu. Ng'ombe wa mahari hukaguliwa hadi meno. Mposaji naye kwa nini asikaguliwe?

Ndani, vigae viling'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Kushoto milango ya chuma imefungwa, kulia imefungwa, ghorofani giza tupu. Mlio wa kandambili zake ulimfuata nyuma kama mtu mwingine, hata akageuka kutazama. Maduka yaliyokuwa wazi ni matatu tu: la viatu, la vyombo na la vitenge.

Kwenye viatu aliinuka kijana mwenye shati la bluu. "Shikamoo mama, karibu viatu."

"Marahaba."

Akatazamatazama, akapita. Duka la vyombo halikuwa na mtu. "Hodi!" Nyuma ya ukuta kukasikika mtu akikimbia, kisha akatokea kijana mwenye koti jeupe, akihema.

"Shikamoo mama, karibu sufuria."

Theodosia alichukua sufuria moja mkononi. Alilitazama jasho la kijana, akaiona kola ya bluu ikichungulia chini ya koti. "Umeshaniamkia, mwanangu. Na kwenye vitenge nitaamkiwa na nani?"

"Na mimi, mama. Wenzangu wamekwenda kula."

"Wote? Saa tatu asubuhi?"

Kijana akaivuta kola ya koti kuifunika ile ya bluu.

"Wewe ndiye Laurian?"

"Ndimi, mama."

"Mimi ni shangazi yake Odeta."

Tonge la ndizi ya kuchoma lililokuwa shavuni mwa Laurian likashuka zima kooni. Akapiga magoti kati ya masufuria.

"Inuka. Duka lako ni lipi?"

"Nayaangalia yote, shangazi."

"Kuangalia hata mbuzi anaangalia. Lako ni lipi?"

Kabla hajajibu aliingia Novatus, msimamizi wa jengo, akimwongoza mzee mmoja wa Nyakahura aliyeuza ng'ombe ili apange chumba cha duka. Novatus alipomwona Theodosia na sufuria mkononi, uso ukamchanua. "Unaona, mzee wangu? Wateja tangu asubuhi!"

Theodosia akatulia na sufuria yake. Alitaka kusikia.

Mzee akamgeukia Laurian. "Kijana, biashara ipo kweli?"

Laurian akamtazama Novatus, akamtazama shangazi. "Hakuna, mzee. Haya maduka hayana wenyewe. Mimi nalipwa kuyafungua, paonekane pana watu. Njoo uone." Akavuka hadi kwenye viatu, akasukuma rundo la maboksi. Yakaanguka mepesi kama maganda, matupu yote.

"Ng'ombe wangu walikuwa wanaliwa hivihivi!" mzee akafoka, akatoka mbiombio, Novatus akimfuata kwa kumbembeleza.

"Umesikia, shangazi? Nimesema kweli."

"Nimesikia. Umeisema mbele yangu."

"Sasa ulitaka niiseme nyuma yako?"

"Ndiyo."

Theodosia akapanda pikipiki, akaondoka. Pikipiki ilipokata kona, moyo ukaanza kumvuta huku na huku. Ukweli ule ulikuwa mtamu, alikaribia kuusifu. Lakini hata paka hujiramba makucha kwa adabu mwenye maziwa anapotazama.

"Simama," akamwambia dereva.

Akarudi kwa miguu, akapitia shamba la maharage nyuma ya jengo, akasogea dirishani.

Novatus alikuwa amerudi peke yake. Hakugomba. Laurian alikuwa amechuchumaa, anayapanga upya maboksi, upande wenye picha ukielekea mlangoni.

"Kesho wanakuja wengine," Novatus alisema. "Na yule mama je?"

"Ni shangazi wa mchumba wangu, ilibidi niseme vile mbele yake. Ameshakwenda. Kesho kwenye vitenge nitavaa kofia."

Wakacheka wote wawili.

Theodosia hakugonga dirisha. Alirudi barabarani, matope yakimpanda miguuni kama suruali, akatoa simu.

"Kaka, mshenga akija kesho mpe pombe ya ndizi, anywe kwa heshima. Habari za mahari zisitajwe."

"Umeona nini huko?"

"Nitakueleza jioni. Kwanza niitie Odeta. Yeye nitamwambia mwenyewe."