Mkono wa Mkaguzi

Nilimtambua kabla hajamaliza kuvuka barabara. Suti ya Kaunda ile ile, ila sasa kola imegeuzwa. Mzee Eliakimu alisimama mbele ya meza yetu ya sabuni, hapa Kariakoo, akisubiri nimpe shikamoo.

"Mambo?" nikamwambia.

"Salama, binti. Nimeletwa na semina."

Barua ya semina hiyo nilikuwa nayo tangu Jumatatu. Serikali imewapunguza kazini watumishi wake, kisha imewaweka wiki mbili kwenye ukumbi Mnazi Mmoja wafundishwe ujasiriamali na kijana ambaye hajawahi kuuza hata karanga. Siku ya mwisho kila mmoja anauza sokoni chini ya mfanyabiashara mwenyeji. Akisainiwa fomu na kuirudisha kabla ya saa kumi jioni, anapewa kizimba chake cha kuuzia sokoni. Asiposainiwa, basi. Na Mzee Eliakimu, miaka hamsini na minne, hakuwa na kingine.

Mwaka themanini na tatu alikuwa mkaguzi wa bei. Aliingia dukani kwetu na askari wawili, akatoa katoni kumi na mbili za sabuni chini ya kitanda, akamtwika mama moja kichwani, akamtembeza mtaa mzima mpaka kwenye lori, watu wakizomea: "Mlanguzi! Mlanguzi!" Nilikuwa na miaka kumi, nimeshika upindo wa kanga yake. Miezi mitano tulikwenda ofisini kwake kudai mali yetu. Kila siku jibu moja: njoo kesho.

Nikampa waya wa kukatia. "Mche mmoja, vipande vinane. Kata, uite wateja."

"Niite vipi?"

"Si ulikuwa hodari wa kupiga kelele wewe?"

Hakuweza kuita. Alitangaza: "Sabuni inapatikana hapa." Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaachia mkokoteni.

"Babu, hapa si redioni!" alipayuka Zamzam, anayeuza sabuni meza ya pili. "Sema kama mtu mwenye njaa!"

Nilifurahi. Sitadanganya.

Lakini mkono wake! Alizungusha waya, akavuta, na vipande vinane vikalala mezani vimelingana kama vimetoka kiwandani. Mtaa huu wote tunakata kwa hila: viwili vya mbele vinene, vya nyuma vyembamba. Huyu alikuwa amekagua mizani za watu miaka kumi na tisa, kupunja hakukujua. Mwanamke mmoja alilinganisha vipande viwili, akageuka kuwaita wenzake. Kufika saa nane katoni tatu zilikuwa zimekwisha, na Zamzam alikuwa ameacha kucheka.

"Nisainie, binti," alisema saa tisa na nusu, akininyooshea fomu.

Kalamu nilikuwa nayo. Nilitaka kuandika HAFAI kwa herufi kubwa. Mama akatoka ndani ya kibanda chetu.

"Una kibali?" akamuuliza.

"Kibali gani, mama?"

"Cha kuuza sabuni. Sisi ulituuliza."

Mzee Eliakimu alimtazama usoni, kisha akatazama juu, kwenye kilemba, pale alipowahi kumtwika katoni.

"Shikamoo, mama."

Mama alimpokonya fomu, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. "Njoo kesho."

"Mwisho ni leo! Saa kumi! Mama, nina watoto wanne."

"Mimi nilikuwa na huyu." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Njoo kesho, saa moja asubuhi. Utanikatia sabuni hapa, kwa mshahara. Hutaki, njia hiyo."

"Mzee, kipande kimoja!" mteja aliita. Hakusikia. Alisimama hivyo hivyo mpaka redio ya jirani ilipotangaza saa kumi. Kisha akaokota waya, akafungua katoni nyingine.

Nilimfuata mama ndani, nimefura. "Kumnyima kizimba, sawa. Lakini kumweka hapa nimwone kila siku?"

"Na mkono ule? Nikimsainia, anafungua pale mbele yangu. Nikimfukuza, Zamzam anamchukua leo leo." Mama alitema chini. "Miaka miwili chuoni, Joyceline. Hilo hawakukufundisha?"

Akarudi mezani. Kulikuwa na mteja anasubiri, na magazeti ya kufungia yamekwisha. Mama akatoa fomu kifuani, akaikunjua, akamfungia kipande chake.