Baruti ya Oiva na Mabati ya Sulo

Meza yangu ya jikoni ni ya kulia chakula, lakini mwaka ule kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti haikuona hata sahani moja. Iliona mizani, faneli, mashine ya kukandamiza iliyofungwa kwa skrubu nne kwenye mbao niliyoisugua kwa miaka thelathini, na maganda matupu ya risasi mia moja na arobaini, yamepangwa mistari kama watoto wa kipaimara. Mimi na mume wangu tulikula tumesimama, sahani juu ya mashine ya kufulia. Mtu akikwambia ndoa ni kuvumiliana, mwulize kama amewahi kula supu ya samoni juu ya nguo zinazozunguka.

Mwenye fujo hiyo ni Oiva, mume wangu, miaka sabini na tisa. Ana bunduki moja tu, ya jeshi, ya mwaka 1942, aliyoachiwa na baba yake. Kwa bunduki hiyo amekaa vuli arobaini na moja juu ya Mwamba wa Kunguru akimngoja elki, yule mnyama wetu wa msituni mwenye miguu mirefu na pembe pana kama sinia. Kila mtu katika chama cha wawindaji ana mahali pake, na Mwamba wa Kunguru ni mahali pa Oiva. Binti yetu Marketta ndiye hutangulia na mbwa kuwaswaga elki, na kila mara hupita chini ya mwamba ule amevaa kizibao chake cha rangi ya machungwa, akimpungia baba yake mkono.

Sasa, kila baada ya miaka mitatu mwindaji lazima afanye mtihani. Anasimama mita sabini na tano kutoka kwenye picha ya elki, anapiga risasi nne kwa sekunde tisini, na zote nne ziingie ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Akishindwa hapati kadi, na bila kadi mwambani hakai. Zamu ya Oiva ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti.

Kwenye mazoezi ya kwanza, mwezi wa Mei, alipiga risasi kumi. Tulipoiendea karatasi tuliikuta safi kabisa, ungeweza kufungia zawadi.

"Risasi za dukani siku hizi ni takataka," Oiva akasema.

Wanaume saba waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Ahti, mwenyekiti wetu na msimamizi wa mitihani, akasema hata yeye ameanza kuzitilia shaka, ingawa wiki ile ile alikuwa amepiga hamsini bila kukosa hata moja. Mimi nilikuwa namimina kahawa, nikawatazama mmoja mmoja usoni. Hakuna aliyetaka kunitazama.

Basi Oiva akaamua atatengeneza risasi zake mwenyewe. Ukiwa na maganda yaliyokwisha kutumika, unayasafisha, unaweka kiwashio kipya kitakoni, unapima baruti, unamimina, unakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Akasema bunduki ya zamani ni kama mzee, inataka chakula chake ilichokizoea. Sikumjibu, maana mimi ndiye ninayempikia.

Wiki ya pili akaja shemeji yangu Sulo, mdogo wake Oiva, mjane anayekula kwetu kila Jumatano na siku nyingine zote ambazo hakualikwa. Alikuja akisukuma toroli, na ndani ya toroli mlikuwa na mabati mawili ya jeshi, ya kijani, yaliyozibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

"Kaka, unahangaika na kijiko kama muuguzi wa watoto njiti," Sulo akasema. "Hizi hapa tayari. Mia tatu na zaidi kila bati, nimezipata kwa bei ya viazi. Zimetoka Yugoslavia."

"Yugoslavia haipo."

"Nchi imekufa, risasi ziko hai. Ungetaka ushahidi gani tena?"

"Viwashio vyake vina chumvi ya kutia kutu. Zitaula mtutu wa baba."

"Tutauosha kwa maji ya moto siku ile ile. Ndivyo baba mwenyewe alivyofanya."

"Maji ya moto ya wapi?"

"Ya sauna. Kwani wewe unaogea nini, maziwa?"

Kuanzia siku hiyo, kila mazoezi Oiva alipiga nusu za mabati na nusu za kijiko, ili ukweli ujulikane, na kila baada ya mazoezi sauna yetu, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, iliwashwa. Wazee wawili wakaingia uchi, bunduki katikati yao juu ya benchi, imefunikwa taulo kwa heshima. Sulo alimimina maji mtutuni kwa kata, Oiva akapitisha kitambaa, halafu wakakaa kuibishania mpaka wakawa wekundu. Kuna wiki bunduki ile iliingia sauna mara nne. Mimi mwenye sauna niliingia mara moja.

Na ukweli wenyewe? Za mabati hazikugusa karatasi. Za kijiko nazo hazikugusa karatasi. Mwezi wa Juni moja ilitoboa mlango wa kibanda cha zana, hatua nane upande wa kushoto, na watu wazima wakakusanyika pale kulipima tundu kwa rula.

"Tundu la mviringo kabisa," Ahti akasema. "Risasi iliyoyumba haiachi tundu la hivi."

"Hiyo ni ya kijiko," Oiva akasema.

"Hiyo ni yangu," Sulo akasema. "Nimeijua kwa sauti."

Chama kikaitisha mkutano. Nakuapia, ajenda ilikuwa moja: risasi za Oiva. Watu wakagawanyika kambi mbili, Kambi ya Bati na Kambi ya Kijiko, wakapiga kura, zikatoka kumi kwa kumi. Mmoja akasema ni upepo, wakanunua kifaa cha kupima upepo. Mwingine akasema ni karatasi, wakabadilisha karatasi. Mwezi wa Julai walisogeza picha ya elki mpaka mita hamsini, eti kwa utafiti, na utafiti ukaonyesha kwamba hata mita hamsini elki yule alikuwa mzima wa afya.

Sasa nitasema jambo linaloniuma. Mizani ya Oiva ni ya umeme, namba zake nyekundu, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Tangu Juni aliniita kila jioni mapema, baada ya kahawa, nikae kando yake.

"Soma wewe, mama Marketta. Mikono yangu imejaa."

"Mbili nukta tisa moja."

"Bado. Sasa?"

"Mbili nukta tisa tano."

"Hapo hapo."

Akamimina. Jioni moja nilinyamaza makusudi, nione. Oiva alikaa, kijiko hewani, uso ameuelekeza kwenye zile namba nyekundu zilizokuwa mbali naye kwa kiganja kimoja tu, akingoja. Alingoja kwa adabu kama mtu aliye kwenye foleni ya posta. Roho iliniuma, nikasoma: mbili nukta tisa tano. Akasema asante.

Kwa hiyo nilijua. Na kama nilijua mimi, Sulo alijua, maana ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi za sauna akisingizia kwamba yeye Sulo ndiye anayeteleza. Ahti alijua. Gari nilikuwa naliendesha mimi, eti goti la Oiva limekaza. Kijijini kwetu unaweza kumwambia mwanamume kwamba baruti yake ni mbovu, bunduki yake imechakaa, hata ndugu yake ni mjinga, na mkanywa kahawa pamoja. Macho yake huyataji. Tulipiga domo la baruti kiangazi kizima, watu ishirini wenye akili timamu, na mimi nikiwa wa kwanza, maana kura ya kumi ya Kambi ya Kijiko ilikuwa yangu.

Jumapili ya mtihani ilikuwa na jua zuri. Nilioka mikate ya mdalasini, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Marketta alikuja na mbwa wake wawili akakaa nao kwenye nyasi. Oiva alisimama kwenye mstari amevaa shati la harusi, akaingiza risasi zake nne za kijiko, Ahti akabonyeza saa.

Alipiga vizuri, hilo nililiona hata mimi. Mabega yametulia, pumzi ameishika, nne kwa sekunde sabini. Halafu Ahti akatazama kwa darubini, akaendelea kutazama, akafuta kioo, akatazama tena. Mwishoni akaenda kwa miguu. Tukamfuata.

Elki hakuwa na mkwaruzo. Juu yake kulikuwa na kibao cheupe chenye namba saba, kipya, kitu pekee cheupe katika kile kilima chote cha udongo kinachozuia risasi, na kwenye kibao kile yalikuwapo matundu manne, yamekaribiana kiasi cha kufunikwa kwa kiganja.

Ahti akakohoa.

"Namba ni namba ya elki huyu," akasema polepole. "Kwa maana pana, kibao ni sehemu ya lengo."

"Bila hicho kibao usingejua ni elki gani," Sulo akadakia haraka.

"Na sheria haikusema duara lazima liwe chini," mwingine akasema.

Wakatikisa vichwa, wote, wakiwa wamepata nafuu. Ahti akatoa kalamu na ile kadi, akaiweka juu ya goti lake aandike. Nikageuka nikamwona Marketta kule kwenye nyasi anawafunga mbwa kamba, amevaa kile kizibao chake cha rangi ya machungwa.

"Ahti, weka kalamu chini," nikasema. "Oiva haoni."

"Shemeji, ni jua tu—"

"Nyamaza, Sulo. Mizani nimemsomea mimi, kila punje, tangu Juni. Haoni, na sisi wote tunajua, na baada ya wiki tatu Marketta atapita chini ya ule mwamba."

Sulo akainama kuangalia viatu vyake. Oiva alikuwa amesimama nyuma yetu, bunduki imefunguliwa mkononi, tupu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na sikuyataka yarudi.

"Nimepiga wapi?" akaniuliza.

"Kwenye kibao cha namba."

"Yamekaribiana?"

"Yamekaribiana sana."

"Ahti," akasema, "andika nimeshindwa." Ahti akaandika. Oiva akampa Sulo bunduki bila kumtazama, akanigeukia, au aligeukia pale ilipokuwa sauti yangu.

"Nilidhani ukichoka kunisomea utasema," akaniambia.

"Nami nilidhani ukichoka kuniita utasema wewe."

"Sikuchoka."

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa na hasira nayo, mbele ya chama kizima.

"Gari liko wapi?" akauliza.

Lilikuwa mbele yetu, jekundu, hatua kumi na tano. Miaka hamsini na miwili ya ndoa, na mtu huyu hajawahi kunishika mkono hadharani, hata mlangoni mwa kanisa siku tulipotoka tumeoana. Akaunyoosha mkono wake hewani, akapata upindo wa sweta langu, halafu akaupata mkono wangu, akaushika. Wanaume wote wakaanza kuangalia miti. Nikamwambia kuna jiwe mbele, inua mguu, naye akainua.