Mama Alivyoacha Kukanda

Bi Redio aliingia kwenye chumba changu cha kliniki akiburuta mguu wa kulia. Aliponiona nazunguka meza kumfuata, akaangua kicheko.

"Daktari, unachechemea kuliko mgonjwa! Nani amtibu mwenzake hapa?"

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa viungo, lakini nimechoka kusahihisha watu. Kuhusu kuchechemea alisema kweli. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba na nyonga ziliniuma mpaka kuvaa suruali kukawa mtihani. Kupanda ngazi, kugeuka kitandani, kushuka garini, kote huko nilikunja uso. Miaka kumi na mitano nimewachua wajawazito misuli na kuwafundisha mazoezi, na sasa zamu yangu ilikuwa imefika, na mganga hajigangi. Wenzangu walinichua kwa zamu, kwa ustadi, nikapata nafuu ya siku moja au mbili. Lakini niseme ukweli: sikuwa nawataka wao. Nilimtaka mama yangu.

Mama alikuwa akikanda wajawazito kwenye chumba cha nyuma cha nyumba niliyokulia. Godoro chini, mito mitatu, na shuka ya maua iliyofuliwa mpaka maua yenyewe yakaanza kuaga. Mwanamke alilala ubavu, mto mmoja kichwani, mmoja katikati ya magoti, mmoja ukishikilia tumbo. Mafuta aliyapasha kwa kutia kikombe ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha akayajaribu kwenye mkono wake mwenyewe kwanza. Kucha alikata kila Jumamosi. Pete aliivua na kuitupia kwenye kopo la sukari, na siku moja baba akaikuta kwenye chai yake. Hakuacha kuisimulia habari hiyo mpaka anaingia kaburini.

Tumbo halikumhusu kabisa. "Tumbo ni la mkunga na la Mungu," alikuwa akisema. "Mimi ni wa mgongo, kiuno na nyonga." Akija mtu amevimba uso, au analalamika kichwa kisichopoa, hamgusi. Anamshika mkono mpaka barabarani na kumwambia hospitali ni kule, tena sasa hivi.

Mimi nilifanyia kazi zangu za shule nyuma ya pazia. Nilisikia mawifi wakisemwa, waume wakichambuliwa kama mchele, vicheko, halafu ghafla kimya kile cha mwili uliolegea. Ile nyumba haikuwa na kitu, lakini sijawahi kukaa mahali penye raha kama nyuma ya lile pazia.

Nikaenda chuo, nikarudi likizo na elimu ya mwaka mmoja na mdomo wa miaka mia.

Mchana mmoja nilifungua pazia nikamkuta Bi Redio, jirani yetu, mjamzito wa miezi minane wakati huo. Jina hilo alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Siku hiyo alikuwa amezimika. Alilala chali, uso umepauka, jasho linamtoka, na mama ndiyo kwanza anaingia kutoka jikoni na kikombe cha mafuta. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mwenye mimba kubwa akilala chali, mimba hubana mshipa mkubwa wa damu, na anaweza kuzirai. Nikamgeuza ubavu, akapata nafuu palepale. Ningeishia hapo ningekuwa mtoto mwema. Badala yake nikamgeukia mama mbele ya mteja wake.

"Unataka kuua watu kwa ujinga wako?"

Mama alikiweka kikombe chini. Kesho yake aliikunja ile shuka, akagawa mito, na tangu siku hiyo hakumkanda mjamzito yeyote. Waliokuja aliwaambia amestaafu. Miaka kumi na minane ikapita hivyo.

Niliomba msamaha, ndiyo, ule wa kisomi: nilisema samahani kwa namna nilivyosema. Nilichokisema sikukiondoa, maana nilikiamini.

Mimba ilipoanza kunitesa nilimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alisema mikono imezeeka. Mara ya pili akasema, "Mwanangu, una wenzako wenye vyeti. Mimi nisije nikamdhuru mjukuu wangu." Hakusema kwa kejeli, na hapo ndipo paliponichoma. Nina miaka thelathini na tisa na mimba hii nimeitafuta mpaka nikakata tamaa. Nilijua nisipokandwa na mama safari hii, basi tena.

Sasa Bi Redio alikuwa kwenye kitanda cha kliniki, goti lake mikononi mwangu, na mdomo wake kazini kama kawaida.

"Mama yako alikuwa na mikono, we! Sijui kwa nini aliacha."

"Aliacha kwa sababu ya siku ile uliyotaka kuzirai, shangazi."

"Siku ile?" Akainua kichwa. "Siku ile si nilijitakia mwenyewe?"

Mikono yangu ikasimama.

"Mama yako alinigeuza vizuri ubavu wa pili, akaniwekea mito yote, akaenda kupasha mafuta. Sasa mimi nilikuwa namsimulia mambo ya wifi yangu, na habari imefika patamu. Mimi naweza kuusimulia ukuta? Nikajilaza chali ili nimwone kule jikoni, nikaendelea. Mara naona nyota mchana kweupe."

"Mbona hukusema?"

"Kwani uliniuliza? Uliingia kama askari. Halafu niliona haya, nimevuruga mito ya watu kwa ajili ya umbea. Na yule mtoto aliyekuwa tumboni sasa ana ndevu, mimi nikajua yalishakwisha."

Nilitamani kumkunja goti upande usiokunjika. Lakini alikuwa amesema kweli, sikuuliza. Miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha vijana wa mafunzo kwamba kabla ya kumgusa mgonjwa muulize, na mama yangu mzazi sikumuuliza hata swali moja.

Saa kumi nilikuwa kwa mama. Nilimkuta barazani anashona kifungo cha shati. Nikamweleza yote nimesimama, maana kukaa na kuinuka ilikuwa kazi. Nilitegemea atamkasirikia Bi Redio, au mimi. Akaweka shati chini.

"Alisema nilimwekea mito?"

"Yote mitatu."

"Ubavu?"

"Ubavu, mama."

"Mimi nilidhani nilimwambia ageuke, nikamwacha katikati. Nilijaribu kukumbuka, siku nyingi sana, nikashindwa. Wewe ndiye uliyesoma. Nikasema, kama mwanangu amesema, basi ndivyo ilivyokuwa."

Miaka yote ile nilidhani amenikasirikia. Hasira ningeivumilia, ningejua pa kuishika. Kumbe aliniamini. Nililia kwa sauti, pale barazani, majirani wasikie wasisikie.

"Nisamehe, mama. Nilichosema hakikuwa kweli."

"Acha kulia umesimama, utazidi kuumia. Njoo ndani ulale."

Akavuta mito ya kochi, akaipanga, akanilaza ubavu wa kushoto. Vidole vyake vimepinda siku hizi. Aliweka kiganja juu ya nyonga, akaanza kuzungusha taratibu, akashuka, akarudi kiunoni. Pale ambapo zamani mkono ule ungezama mpaka kwenye fundo lenyewe, sasa uliishia kwenye ngozi. Nilimsikia akihema. Alipumzika, akaanza tena. Mtoto akapiga teke, mama akacheka peke yake.

Baada ya robo saa akauliza, "Vipi?"

"Yameisha, mama. Yameisha kabisa."

Akabonyeza kwa kidole gumba, akatulia, akabonyeza tena.

"Muongo. Hapa bado pamekaza. Kesho urudi," akasema, "na usinidanganye nikiwa kazini."