Madirisha ya Kurbonali

Nawaandikia ninyi mama wenzangu mnaolea watoto huku milimani, hasa ninyi ambao waume wenu wako Urusi na nyumba inaendeshwa na shemeji. Shule niliishia darasa la nne, mniwie radhi mwandiko. Lakini Shahlo wangu ndiye mtoto pekee niliye naye, na nusura nimpoteze kwa ajili ya madirisha.

Nyumba yetu mpya ilisimamiwa na Kurbonali, kaka wa mume wangu. Aliweka madirisha ya plastiki ya mjini, yenye mipira pembeni, yakifungwa husikii hata ng'ombe akilia uani. Jiko la matofali na bomba lake la moshi alikataa. "Hayo ni mambo ya washamba," alisema. "Sisi tutaota umeme." Umeme! Huku kwetu wakati wa baridi umeme ni kama mgeni mwenye haraka, chai haijamiminwa ameshaaga. Wageni halisi nao, kabla hawajanawa mikono, Kurbonali anawaburuta dirishani wakaguse mipira.

Dhoruba ilipokuja, theluji ilifika kwenye vizingiti na nguzo za umeme zikalala bondeni kama walevi. Hita ya ukutani ikapoa. Tukaanza kuona pumzi zetu humo humo ndani.

Nikamwambia, "Shemeji, twende nyumba ya zamani ya udongo, tunakoweka viazi. Jiko lipo, bomba lipo, samadi kavu ya kuwasha ipo."

"Nikalale na viazi mimi?"

"Viazi havitakuuma."

"Majirani wakiona moshi unatoka kule watasema Kurbonali amerudi kwenye udongo. Hapana. Tutaweka meza ya makaa hapa hapa, kama alivyofanya marehemu baba."

Meza ya makaa mnaijua: makaa chini, meza fupi juu yake, mfarishi mzito unafunika vyote, na watu mnaingiza miguu. Lakini marehemu baba mkwe alikuwa akichoma magogo ya mti wa aprikoti nje mpaka moto wote uishe, akafukia makaa kwa majivu ndipo akaingiza. Na nyumba yake ilikuwa na nyufa hata paka alipita. Bwana huyu alichukua makaa ya mawe ya mgodini, yakiwa bado meusi katikati, yanafuka, akayaingiza kwenye karai.

Mama mkwe akasema, "Kurboni, hayajaiva hayo."

"Mama, baridi haisubiri."

"Haya baba, wewe ndiye mkubwa." Akaingiza miguu. Ndivyo alivyomlea huyo.

"Basi fungua dirisha kidogo," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. "Msikieni! Mimi nimehangaika kuuzuia upepo, yeye anataka kuukaribisha chai! Shemeji, nenda kamkamue ng'ombe, mambo ya nyumba niachie."

Akachukua kipande cha blanketi akaziba na chini ya mlango. Hapo kwa kuziba ana akili, kumbe.

Ng'ombe alikuwa hajala na mlango wa zizi ulikuwa umezibwa na theluji, nikamwacha Shahlo mezani na bibi yake, nikachukua beleshi nikatoka. Nilichimba, nikamlisha, nikamkamua. Nikiwa zizini ikanijia jinsi Shahlo anavyolala: akiona baridi anajifunika mpaka kichwa. Na mfarishi ule chini yake ni makaa. Niliangusha ndoo pale pale, nikakimbia nyumbani na beleshi mkononi.

Nilipofungua mlango hakuna aliyeuliza ni nani. Kurbonali alikuwa ameegemea mto, mdomo wazi, anakoroma vibaya. Mama mkwe alikuwa ameshika kichwa, anasema, "Mwanangu, mbona nyumba inazunguka." Shahlo sikumwona. Nikavuta mfarishi: alikuwa humo mzima mzima, mashavu mekundu kama ya mwanasesere. Nikamwita, hakuitika. Nikampiga kofi, hakulia.

Nikakimbilia dirisha. Kitasa kilikuwa kimeganda kwa barafu, hakigeuki. Yale madirisha ya kuonyesha wageni! Nikarudi kuchukua beleshi nililoacha mlangoni nikapiga kioo, nikapiga tena, kikashuka chote. Kisha nikambeba mwanangu nikatoka naye kwenye theluji nikamsugua uso, namwita kwa majina yote niliyowahi kumwita tangu azaliwe. Akatapika. Nguo zangu zote akazitapikia, na sijawahi kufurahia uchafu kama ule.

"Mama, baridi," akasema.

Nikamfunga ndani ya koti langu, nikarudi kumvuta mama mkwe mpaka ukumbini. Yule mwingine alizinduliwa na upepo wenyewe, ule aliouzuia. Alitambaa kwa magoti, akatapika kwenye zulia, akainua uso. Nilidhani atauliza mtoto yuko wapi.

"Nani kavunja kioo changu?"

Wallahi ndivyo alivyosema.

Siku zilizobaki tulikaa nyumba ya zamani na viazi, moshi unatoka juu na majirani wanauona. Naye alikaa karibu na jiko kuliko sisi sote. Watu walipokuja kutusalimia aliwaambia, "Shemeji yangu alipandisha mashetani, akashika beleshi." Mama mkwe akatazama pembeni. Shahlo ndiye aliyesema, "Baba mkubwa ulitapika kwenye zulia," na jirani akamwagikiwa na chai kwa kicheko.

Kwa hiyo nawaambia: makaa yasiyokwisha moto hayaingii kwenye nyumba iliyozibwa, hata aliyeyabeba awe na ndevu mpaka kifuani. Na kichwa cha mtoto kisiingie chini ya mfarishi. Msingoje mkubwa akubali. Beleshi lisikae zizini, likae mlangoni.

Theluji ilipoyeyuka fundi alileta kioo kipya. Nikampokea uani mwenyewe, nikamrudisha nacho. Mahali pale pana ubao sasa, na katikati nimeutoboa tundu la kupitisha ngumi. Wageni wakija, Kurbonali anatundika pazia juu yake. Wakishakaa tu, naenda nalivuta pembeni.