Figo ya Dada

Msusi alipompa mdogo wake figo moja hakutaka shukrani. Alitaka kitu kimoja tu: aitunze. Daktari aliwaeleza wote, mke wa mdogo mtu akiwepo na akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari. Mwili unaiona figo hiyo kuwa mgeni, alisema, na vidonge vya kila siku ni vya kuwalaza walinzi wa mwili wasije wakamfukuza. Mafua yatampata mara kwa mara. Avumilie.

Mafua yale yakamshinda wifi kuliko yalivyomshinda mgonjwa. Kila mumewe, fundi friji, alipopiga chafya, yeye alijishika kiuno. "Kinga imeshuka! Tutamzika huyu!" Na wauza maneno hawakosekani mjini. Mwanamke mmoja mwenye saluni ya urembo, aliyevaa koti jeupe kwa kuwa makoti huuzwa kwa yeyote, akamwambia ipo tiba ya peptidi, vipande vidogo vya protini, unachomwa sindano tumboni na kinga inapanda. Hakuuliza mgonjwa ana ugonjwa gani. Wifi naye hakusema.

"Na hospitali tusiwaambie, watatukatalia bure," alimwambia mumewe. Mumewe, mtu mzima na ndevu zake, akafunua tumbo.

Kweli mafua yalikoma. Wifi akatamba mtaa mzima. Msusi alipokwenda kuwajulia hali akamkuta mdogo wake kavimba uso na miguu, akaambiwa huko ndiko kunenepa kwa afya. Kunenepa gani mtu havai viatu? Alimkokota hospitali siku hiyo hiyo, wifi akifuata nyuma na malalamiko yake.

Vipimo viliporudi, daktari aliuliza, "Mmempa nini?"

Wifi akatoa kichupa mkobani, bila hata haya. "Dawa ya kuongeza kinga. Siku hizi hata mafua hapati."

"Mama, kinga tuliishusha kwa makusudi. Walinzi tuliowalaza, ninyi mmewaamsha. Figo imeshambuliwa, na sidhani kama itapona."

Msusi alijishika ubavu wenye kovu. Alitamani kumzaba wifi kofi, kisha amzabe na mdogo wake. Angeibiwa figo ile angejua pa kushtaki. Hii imeuawa na mapenzi ya kijinga, na hayo hayana mahakama. Machozi yalimtoka, ya hasira tupu.

"Itabidi asafishwe damu kwa mashine," daktari aliendelea, "mpaka apatikane mtu wa kumpa figo nyingine. Ndugu mwingine yupo?"

Hayupo. Mama yao aliwazaa wawili tu.

Daktari akamgeukia wifi. "Ulipopimwa mwanzoni, wewe pia ulifaa."

Wifi alikirudisha kichupa mkobani, akafunga zipu. "Mimi? Daktari, mimi nina watoto wadogo."

"Na mimi nilikuwa nao," msusi akasema.