Ishirini na Sita kwa Mbili, na Vigelegele

Kama umelelewa nyumba ambayo mpira husikilizwa redioni, unaijua kanuni: anayetajwa sana ndiye anayecheza. Mjomba wangu Abdalla alikulia Mombasa na kanuni hiyo, akahama nayo mpaka hapa Columbia Heights, Marekani, na hakuna aliyemwambia kwamba beziboli ina mambo yake.

Jirani yetu wa chini, Mzee Lindquist, alikuwa anatimiza miaka tisini na moja. Binti yake Margaret akatualika kwa mzee, akaweka keki mezani, kisha akatangaza zawadi: amepata rekodi ya redio ya mechi ambayo baba yake alicheza ujanani, akiwa analipwa mshahara kabisa. Mzee, ambaye tayari ni mweupe, akazidi. Akainuka, akaingia chumbani, akabana mlango.

"Imemgusa," Margaret akasema, akifuta macho, na kuwasha spika.

Mimi peke yangu nilijua. Majira ya baridi, nikimwondolea theluji mlangoni, mzee aliniapisha nisimwambie mtu: timu yake ilifungwa ishirini na sita kwa mbili, na mrushaji alikuwa yeye, tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Katika beziboli mrushaji hurusha, mpinzani hugonga kwa rungu, na akigonga vizuri, yeye na wenzake wanakimbia kuzoa alama. Siku ile waligonga kama wanaotwanga kisamvu.

"Margaret akijua," aliniambia, "nahama jimbo."

Mtangazaji alikuwa na kasi, na rekodi ilikoroma kama jiko la mafuta ya taa. Kilichosikika vizuri ni kimoja tu: Lindquist! Halafu kelele za umati. Halafu Lindquist tena!

"Mnamsikia?" Mjomba akaruka kitini. "Uwanja mzima wake!"

Mama hakungoja. Akapiga kigelegele kilichoamsha mbwa wa ghorofa ya tatu.

"Mama, taratibu," nikamnong'oneza.

"Taratibu ya nini, Mahdi? Unamwonea wivu mzee wa watu?"

Lindquist! Kigelegele. Lindquist! Mjomba juu ya kiti. Kila alama ziliposomwa, Mama alizizamisha. Margaret, ambaye maisha yake yote ni hoki ya barafu, naye akajaribu kigelegele, akatoa mlio wa birika.

Mlango ukafunguka. Mzee, mwekundu, fimbo mkononi.

"Nani ananicheka?"

Mimi nikaitazama keki.

"Kukucheka?" Mama akamshika mkono. "Mzee wangu, umetajwa wewe tu! Wenzako walikuja kutembea?"

Mzee akamtazama binti yake. "Margaret, mimi ndiye niliyekuwa nagongwa. Ishirini na sita kwa mbili."

Mjomba akashuka kwenye kiti. "Kocha alikutoa lini?"

"Hakunitoa."

"Hata zilipofika ishirini?"

"Hata hapo."

"Basi waliokaa benchi walikuwa wabovu zaidi!"

"Kusema kweli," Mzee akakiri, "yule mwingine alikuwa mbovu sana."

Margaret akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Mzee akamwangalia, mara akavuta kiti.

"Peleka mbele," akaniamuru. "Kuna mmoja nilimnyoosha. Mipira mitatu, hakugusa hata mmoja."

Tukajikusanya kwenye spika, Mama mkono mdomoni, tayari. Mtangazaji, naye kashachoka, akamtaja yule aliyekosa mpira, akalilaumu jua, akapita. Mama akawa bado anangoja jina.

"Ndiyo hiyo!" Mzee akapiga meza. "Imepita!"

"Hawajakutaja," akasema Mjomba, na kanuni ni kanuni.

Ikabidi mzee ajipigie kigelegele mwenyewe. Meno yake ya bandia ya juu yakatua kwenye keki.